Maneno Niliyoyapunguza Kando ya Mto Musonoi

Ngoie mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kapata kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko sokoni anatafuta samaki wa kukaanga kwa ajili ya safari. Nyumba imenyamaza. Jua bado liko juu, nami nimekaa kwenye meza ya chakula na moja ya madaftari yako ya chuo, lile lenye kurasa nyingi tupu. Naandika sasa kwa sababu mkirudi nitaanza kuzungumza juu ya mizigo, na siku itakwisha.

Mambo ya mizigo, ya dawa za malaria, ya kutomkabidhi mtu usiyemjua simu yako ndani ya basi, mama yako ameyasema yote, tena mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni refu.

Siku ile ulipotusomea barua ya kazi, mama yako alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Mimi nikatoka nje. Ulinifuata ukanishika bega, ukasema, "Tata, usilie, nitakuwa ninakuja kila Noeli." Nilikuacha uamini kwamba ni huzuni ya kuachwa. Haikuwa hivyo. Nilitoka kwa sababu ya yale uliyosoma: kwamba kampuni inataka kujenga kituo cha gesi ya kimiminika kando ya mto mkubwa, kule chini karibu na bahari, meli zije kupakia, na kwamba wewe, kwa Kifaransa chako na Kilingala ulichookota kwa wanafunzi wenzako, utatembea na wahandisi vijijini, uwaeleze watu mradi, uwatafsirie majibu ya maswali yao.

Kazi hiyo niliwahi kuifanya. Niliifanya siku moja tu, hukuwa umezaliwa. Sijawahi kukuambia.

Tulikaa Musonoi wakati ule, mimi na mama yako, katika nyumba ya kampuni ya madini, safu ya tatu kutoka mtoni. Nilikuwa karani wa kambi ya wafanyakazi. Niliandika nani amehamia nyumba ipi, nani amezaa, nani amefariki. Nilivaa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, na hata watu walionizidi umri waliniita Tata Karani. Nilipenda sana kuitwa hivyo. Ukitaka kunielewa, anzia hapo.

Jirani yetu, aliyeshiriki ukuta mmoja nasi, aliitwa Kabeya. Mkewe ni Ntumba. Ndiyo, Mama Ntumba huyuhuyu unayemjua, anayeuza mboga kwenye njia panda ya Kapata. Baba yake Kabeya aliletwa kutoka Kasai zamani kufanya kazi mgodini. Kabeya mwenyewe alizaliwa hapahapa, mwaka mmoja na mimi, akacheza vumbi hilihili jekundu. Kasai alikuwa hajawahi kuiona kwa macho. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana, mtu mpole, mwenye makovu madogo madogo ya cheche mikononi. Ntumba na mama yako walilima pamoja bondeni, kando ya mto: mahindi, viazi vitamu, mboga za lengalenga. Mihogo waliilowesha katika kidimbwi kimoja. Sisi tulikuwa bado hatujapata mtoto, na Meta, binti yao wa mwisho, alikula kwetu mara nyingi kuliko kwao.

Halafu mambo yakaharibika. Sehemu ya mgodi wa chini iliporomoka, mashine zikasimama moja baada ya nyingine, na unga wa posho tuliozoea kila mwezi ukaja nusu, kisha ukakoma. Wanaume waliokuwa wakiwacheka wake zao kwa kushika jembe wakaanza kuamka alfajiri kwenda nao bondeni. Mto ukawa ndio unaotulisha.

Ndipo wakaja watu wa gesi. Hawakuwa wa kampuni yetu. Walikuwa wageni waliotaka kuiuzia gesi. Mpango wao ulikuwa kujenga matangi makubwa kando ya mto, karibu na daraja la reli. Gesi ingeletwa kwa mabehewa ikiwa majimaji, ihifadhiwe pale, kisha ichomwe katika tanuru za kiwanda badala ya mafuta, ambayo hayakupatikana tena. Kiwanda kingefufuka. Mkuu wa kambi aliniita akaniambia, "Karani, weye njo unajua Kifaransa muzuri. Utabaelezea batu. Bakikubali, kule kwa matangi utakuwa karani mukubwa."

Usidhani niliuza watu kwa cheo. Ingekuwa rahisi kukuandikia hivyo. Niliamini kwamba kazi itarudi, kwamba unga utarudi, kwamba tunahitaji tu kusema ndiyo upesi kabla wageni hawajabadili nia. Na cheo nacho nilikitaka. Vyote viwili vilikaa pamoja ndani yangu bila kugombana.

Mkutano ulifanyika katika uwanja wa shule. Mhandisi alikuwa mzungu mwembamba mwenye viatu vilivyojaa vumbi, aliyezungumza polepole na kuwatazama watu, si mimi. Sina budi kumtendea haki: hakudanganya hata kidogo. Alieleza, nikatafsiri, watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha Ntumba akasimama, Meta mgongoni, akauliza:

"Na kama hiyo gazi inatoka mu tangi, itaenda wapi?"

Nikamgeuzia mhandisi swali. Akalifurahia, nakumbuka, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. Akasema gesi ile haipandi juu kama moshi. Inatambaa chini kama maji, inatafuta mabonde na mashimo, na ikikuta moto wa mtu anayepika, inawaka yote kwa mara moja. Kwa hiyo bonde zima lazima liachwe, mashamba yote, si yaliyo karibu na daraja tu. Na safu mbili za kwanza za nyumba lazima zihamishwe. Zihamie wapi? Hajui. Hilo, alisema, wataamua wengine, na yeye asingependa kuahidi asilolijua.

Watu walikuwa wananingoja. Mkuu wa kambi alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Anasema matangi ni ya chuma kinene sana, gazi haiwezi kutoka. Batakamata mashamba kidogo tu, pale ku daraja. Na kazi itakuwa mingi."

Hayo ndiyo niliyosema, Ngoie. Nimeyaandika kama yalivyokuwa. Siku zile nilijiambia nimefupisha.

Kabeya akasimama. Hakupaza sauti. "Tata Karani," alisema, "mi nilisikia Kifaransa yake. Hakusema vile."

Ningeweza kusema, "Ngoja nimuulize tena." Maneno matatu tu. Lakini nilikuwa na shati jeupe na watu wote wananitazama, na mtu mwenye mikono ya cheche amenisahihisha Kifaransa. Nikamwambia:

"Weye uko mugeni hapa. Huu muto haiko ya baba yako. Nyamaza, benyewe baseme."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Wengine wakapiga makofi. Mwingine akadakia, "Mugeni anyamaze!" na sauti ikapita uwanjani. Nitakuambia jambo la aibu kuliko yote: nilisikia utamu. Makofi yale yaliniingia mwilini kama chai ya moto asubuhi ya baridi. Kabeya alinitazama kidogo, akakaa. Mhandisi akaniuliza kwa Kifaransa yule bwana amesema nini. Nikamjibu kwamba anauliza habari za kazi.

Watu wakatia sahihi karatasi ya kukubali, wasiojua kuandika wakatia dole gumba. Mimi ndiye niliyeshika kidau cha wino.

Jioni mama yako alinipakulia chakula akaenda kula jikoni. Nilipomfuata, hakugeuka. "Ulimuambia Ntumba uwongo mbele ya batu," alisema. Kisha: "Na ile neno ya mugeni, uliokota wapi?"

Nililiokota mjini. Lilikuwa linasemwa mjini siku zile, kwenye mikutano ya siasa, kwenye redio, kwenye vilabu vya pombe: kwamba njaa yetu imeletwa na watu wa Kasai, kwamba wameshika kazi zetu. Musonoi kwetu nilikuwa sijalisikia hadharani. Sisemi kwamba bila mimi lisingefika. Lingefika. Lakini lilifika kwa mdomo wangu, na kwa mtu aliyezaliwa mwaka mmoja na mimi.

Wiki chache baadaye wapimaji walikuja, wakapiga vigingi vya chuma bondeni kote, hadi karibu na nyumba. Mahindi yalikuwa bado mabichi. Watu walisimama ukingoni wakitazama yanavyokatwa, kisha wakanigeukia mimi. "Tata Karani, ulisema ku daraja tu." Nikawaambia ni mambo ya wakubwa. Kabeya aliendelea kunisalimu kila asubuhi kupitia uani, kama zamani, na salamu ile nilianza kuikwepa.

Miezi michache ikapita, na kufukuzwa kwa watu wa Kasai kukaanza. Vijana walitembea mtaa kwa mtaa na fimbo, wakiimba, "Barudi kwabo!" Siku walipofika safu yetu walikuja kwanza mlangoni kwangu, kwa heshima, kwa sababu baadhi yao niliwahi kuwaandikia barua za kuomba kazi. Mmoja akauliza, "Tata Karani, hapa pembeni njo kwa yule mugeni ulisema?"

Nikajibu, "Mi sijui mambo ya siasa." Nikafunga mlango.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Nilisikia sufuria zinakusanywa. Nilisikia Ntumba akiwaambia watoto wavae nguo mbili mbili. Mama yako alinisukuma mlangoni akatoka, akaenda kumbebea Ntumba godoro hadi barabarani, huku vijana wanamtukana. Mimi nilikaa kitandani nikiwa nimevaa viatu.

Walipelekwa stesheni, wao na watu wasiohesabika. Wiki zikapita wanasubiri mabehewa, chini ya maturubai, mvua inawanyeshea. Mama yako aliwapelekea bukari, ugali wetu, na mboga kila alipopata unga. Sikwenda naye. Kila siku nilikuwa na sababu. Siku moja akarudi na sufuria iliyojaa vilevile alivyoondoka nayo, kitenge kimejaa tope hadi magotini, akaiweka mezani mbele yangu. Meta alikuwa amefariki, kwa kuhara, asubuhi ile. Walikuwa wamemzika kando ya reli.

Siku hiyo nilikwenda.

Kabeya alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa. Ntumba alikuwa amelala amegeukia upande mwingine. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipofika nikasema pole, basi. Akasema, "Aksanti, Tata Karani," akasogea ili nipate nafasi ya kukaa. Tukakaa bega kwa bega. Akaniuliza kama watu wa gesi wameshaanza kujenga. Nikasema bado. "Hawatajenga," alisema. "Gazi ile walitaka kuuzia kiwanda. Kiwanda kimekufa." Alisema bila uchungu, kama fundi anayekuambia mashine haitengenezeki.

Nilikuwa nimekuja kusema neno moja. Lilikuwa pale, mdomoni. Nikajiambia si wakati wake, mtu ana msiba, nitarudi kesho kutwa. Kesho kutwa treni ilikuwa imeondoka. Watu walituambia mabehewa yalionekana Lubudi, watu wamekaa hadi juu ya mapaa. Kabeya sikumwona tena.

Naye alisema kweli: matangi hayakuja. Wageni waliondoka, karatasi ikabaki ofisini, na mlinzi akaachwa bondeni kuwafukuza watu kwenye mashamba yao wenyewe kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Ule ulikuwa mwaka wa njaa kuliko yote niliyoiona. Safari moja nilimkuta mwanamke wa safu ya kwanza anachemsha majani ya viazi bila chumvi, akanikaribisha kula. Hakunilaumu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba sitalala kabla sijasema.

Jioni hiyohiyo nilipita nyumba kwa nyumba, safu ya kwanza na ya pili, nikarudia maneno ya mhandisi yote, na baada yake nikasema, "Na mimi niliwaambia hivi." Mzee mmoja alinitemea mate miguuni. Wengi walinisikiliza tu. Mwanamke yule wa majani ya viazi akauliza, "Sasa tunalima ama hatulimi?" Kesho yake mama yako alitangulia na jembe, wengine wakamfuata. Mlinzi alikuwa mtu mmoja mwenye njaa kama sisi; mwezi haukupita naye akaomba kipande.

Ulizaliwa baada ya hapo. Ulipokuwa darasa la tatu, Ntumba alirudi, yeye na binti mmoja. Kabeya alikuwa amefia Kasai, katika mji ambao, kwa maneno ya Ntumba, aliuliza njia hadi mwisho. Nilikwenda Kapata alikofikia. Safari hii sikungoja wakati mzuri. Alikuwa anachambua maharage. Nikasema nikiwa nimesimama, kwamba swali lake nililijibu uwongo, na kwamba neno la mugeni lilikuwa langu.

Aliendelea kuchambua. "Nilijua siku ile ile," alisema. "Kabeya alinielezea yote tukiwa mu njia ya kurudi ku nyumba. Hatukukuuliza juu tulikuonea haya."

Akatupa punje moja mbovu pembeni.

"Ile ya mugeni haikumuuma sana," akaendelea. "Alisema ni njaa inasema. Kitu kilimuuma ni kwamba weye ulisikia Kifaransa. Yule asiyesikia, utamulaumu nini? Lakini weye ulisikia, na ulitunyima."

Kisha akasimama, akapangusa mikono, akaniambia nimwonyeshe shamba lake liko wapi. Lilikuwa na mtu mwingine. Tukampa nusu ya letu, nusu iliyo karibu na maji, na analima pale hadi leo. Kama amenisamehe, hajaniambia, nami sijamuuliza. Ninachojua ni kwamba hatakuambia wewe habari hii. Alisema ni ya kwangu kuieleza.

Sasa, mwanangu, sikuandikii ili ukatae kazi. Sijui kituo cha gesi kule mtoni kitakuwa kizuri au kibaya. Labda kitaleta umeme na shule, labda kitafukuza samaki na watu. Si mimi wa kuamua, wala wewe. Wataamua wenye nyavu na mashamba, kama wataachwa waamue, na watakuwa na maneno yale tu utakayowapa.

Wewe umesoma, hutadanganya kijinga. Ndiyo maana ninaogopa. Uwongo wangu haukuwa na kitu cha kubuni. Ulikuwa mfupi kuliko ukweli, basi, na siku hiyo ufupi ulimfaa kila aliyekuwa na haraka. Utakuwa umechoka, jua kali, bosi anatazama saa, na mama fulani mwenye mtoto mgongoni atauliza jambo ambalo jibu lake ni refu na baya. Utaona njia ya mkato imekaa pale, safi kabisa. Na kama atasimama mtu akakwambia, "Hakusema vile," utasikia damu inapanda usoni. Nakuomba, siku hiyo uulize tena, hata kama watakucheka. Kicheko kinapita jioni ileile. Mimi nimekaa na yale makofi miaka yote hii.

Na kama hujui, sema hujui. Yule mhandisi mwenye viatu vya vumbi aliliweza, mbele ya umati. Nilimdharau kwa hilo. Nilidhani mtu mkubwa hawezi kusema vile.

Nilikuwa nimekusudia kumpa mama yako barua hii akusukumie dirishani basi likishaanza kutembea, uisome ukiwa umeshapita Likasi, mimi nikiwa mbali na uso wako. Nimeandika hadi hapa ndipo nikaona ninachofanya. Ni mlango uleule ninaufunga.

Basi sitampa. Nasikia mnakuja, sauti yako na ya mama yako, mnabishana juu ya bei ya samaki. Nitakupa mwenyewe sasa hivi, kabla hujavua viatu. Kaa usome. Nitakuwa hapa, kiti cha pili, na chochote utakachoniuliza nitakijibu chote.

Tata yako,
Ilunga